Kitabu Kilibadilika, Kipindi Kikabaki

Kipindi cha riwaya katika shule za sekondari za Kenya kina umri wa kutosha kuitwa mila. Mwalimu anaingia, darasa linasimama, vitabu vinafunguliwa pale ukurasa ulipokunjwa jana. Mwanafunzi mmoja anasoma kwa sauti na wenzake wanamfuata kwa kidole. Baada ya kurasa tatu nne mwalimu anamkatiza, anageukia ubao na kuandika: dhamira, wahusika, mandhari, mtindo. Darasa linanakili mpaka kengele ilie. Mkutanishe aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 1960 na aliyemaliza mwaka 2020, uwaulize habari za kipindi hicho. Wataelewana, ingawa kitabu alichosoma mmoja huenda mwenzake hajapata kukisikia.

Nilifundisha Kiingereza na Fasihi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Ukambani, kisha Kisii, mwisho nyumbani Taita. Walimu wa somo letu wakikutana hupenda kuzungumzia vitabu: kipi kimeingia, kipi kimetolewa, kipi kimewaudhi wazazi. Kipindi chenyewe hakizungumzwi, kama kwamba kilishuka kutoka mbinguni. Hakikushuka. Kina chanzo kinachojulikana, na wapo waliojaribu kukibadilisha wakafaulu nusu.

Chanzo chake ni mtihani. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutahini wanafunzi wa shule mwaka 1858, na cheti chake kikaja kuwa ndicho kipimo cha sekondari katika makoloni ya Waingereza, Kenya ikiwemo. Maswali yalitungwa Uingereza na majibu yakapelekwa huko huko kusahihishwa. Mtahini hakumjua mtahiniwa, wala hakujua kwao wanaongea nini. Alichohitaji ni ushahidi kwamba kitabu kimesomwa kweli. Kwa hiyo alichota kifungu na kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini kabla ya hapa, kutatokea nini baadaye? Kisha aliomba insha juu ya tabia za mhusika fulani. Mwalimu aliyewatakia wanafunzi wake mema aliwafundisha kujibu maswali hayo. Hapo ndipo tulipopata kusoma kwa zamu, kukariri matukio kwa mpangilio wake, na orodha ya wahusika nyuma ya daftari.

Mlango wenyewe wa kuingia sekondari ulikuwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kisa cha kijana wa wakati wake aliyefanya vizuri sana katika masomo mengine ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akaanguka Kiingereza, na kwa hilo akahesabiwa ameanguka yote. Kijana huyo aliishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alipita. Aliingia Alliance High School, Kikuyu, mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926, na mkuu wake tangu 1940 hadi 1962 alikuwa Carey Francis, mwanahisabati aliyewahi kufundisha Cambridge. Katika miaka minne aliyokaa hapo, Ngũgĩ anataja tamthilia nne za Shakespeare zilizoigizwa shuleni: As You Like It, sehemu ya kwanza ya Henry IV, King Lear na A Midsummer Night's Dream. Nje ya uzio watu walikuwa wakitiwa kizuizini na vijiji vikihamishwa kwa nguvu. Ndani, kijana alitakiwa kueleza kwa nini mfalme mzee aligawa ufalme wake kwa mabinti. Swali hilo lingeweza kuzua mjadala mkali wa ardhi na urithi katika kijiji chochote cha Kiambu. Karatasi ya Cambridge haikuwa na nafasi ya mjadala huo.

Mimi niliingia sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uhuru ulikuwa umefika, walimu Waafrika wenye shahada walikuwa wachache, na Wamarekani walikuwa wengi. Tangu 1961 mpango ulioitwa Teachers for East Africa ulikuwa ukileta vijana kutoka Marekani kufundisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye wakaja wale wa Peace Corps. Aliyetufundisha Fasihi alikuwa kijana mrefu asiyejua kuficha kicheko. Kitabu kilikuwa Animal Farm cha George Orwell, nakala moja kwa wanafunzi watatu. Kwa kuwa vitabu havikutosha, alisoma yeye, na kila mnyama alimpa sauti yake.

Kaka yangu alikuwa na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Usiku nilimsomea baba. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika, na hatukufika mbali kabla hajamtambua Napoleon. Alimtaja kwa jina: mwenyekiti wa chama chao. Mama akasema hapana, huyo anafanana zaidi na diwani. Wakabishana mpaka mafuta ya taa yakaanza kuisha. Kesho yake darasani niliulizwa nitaje sifa nne za Napoleon na nitoe ushahidi wa kila moja kitabuni. Nilizitaja, nikapata alama zangu. Hakuna aliyeniuliza Napoleon anafanana na nani. Mwalimu wetu angependa kuuliza, naamini, lakini mtihani ulikuwa mlangoni, na zile sauti za nguruwe na punda zilikuwa zimeshakoma.

Wakati huo vita vya vitabu vilikuwa vimepamba moto. Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, Uganda. Ngũgĩ, akiwa bado mwanafunzi wa chuo hicho, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Mwaka huo huo kampuni ya Heinemann ilianzisha mfululizo wa waandishi wa Afrika. Nambari moja ilikuwa Things Fall Apart ya Achebe, iliyokuwa imechapishwa kwanza mwaka 1958. Weep Not, Child ya Ngũgĩ ikafuata mwaka 1964, na The River Between mwaka 1965. Vilikuwa vitabu vyembamba vya bei nafuu, vyenye majalada ya rangi ya chungwa ambayo mwalimu yeyote wa rika langu angeyatambua toka mbali. Bila vitabu hivyo, madai ya kubadilisha mtaala yangebaki maneno, maana huwezi kumwondoa Dickens darasani kama huna cha kuweka mahali pake.

Madai yenyewe yalitolewa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi tarehe 24 Oktoba 1968. Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Kiingereza kisisomwe. Waliuliza kwa nini fasihi ya Uingereza iwe kitovu na Afrika iwe pembeni, wakataka mpangilio ugeuzwe: Afrika Mashariki iwe mwanzo, Afrika nzima ifuate, halafu watu weusi wa Karibi na Marekani, halafu dunia. Walitaka pia fasihi simulizi ipewe kiti cha mbele, si ya kutajwa kwa heshima tu. Mjadala ulikuwa mkali, lakini mwisho wake Nairobi ilipata Idara ya Fasihi.

Mwaka 1974 moto huo ulishuka kwenye shule. Idara hiyo na wakaguzi wa Kiingereza wa Wizara ya Elimu waliitisha mkutano Nairobi School, wakaja walimu wa Kiingereza na Fasihi kutoka pande zote za nchi. Wengi wao walikuwa watu wa chaki, si wa vitabu vya nadharia. Walitoka na mapendekezo: fasihi simulizi ifundishwe, waandishi wa Afrika wawe msingi, wengine waje baada yao. S. Kichamu Akivaga na Eddah Gachukia walihariri kitabu kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni, kikachapishwa mwaka 1978. Nilipokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta nikisomea ualimu, wahadhiri wetu walizungumza juu ya mkutano huo kama watu wanaozungumzia ushindi. Nasi tuliondoka tukiwa na hakika kwamba tunakwenda kufundisha kitu kipya.

Kitu kipya tulikikuta, lakini ndani ya kipindi kilekile. Wiki yangu katika shule ya kwanza Ukambani ilikuwa hivi. Jumatatu tulisoma sura kwa sauti, kila mwanafunzi ukurasa wake, na aliyekosea matamshi alichekwa. Jumanne tulieleza matukio ya sura hiyo. Jumatano wahusika, Alhamisi dhamira na mtindo, Ijumaa zoezi la dondoo. Jioni nilikata stensili ofisini, nikazungusha mashine ya kudurufu, wino ukanichafua mpaka viwikoni. Maelezo niliyodurufu yalikuwa ya Achebe badala ya Hardy, na hilo halikuwa jambo dogo. Mtoto wa Kikamba aliyesoma habari za Okonkwo, mbegu za viazi vikuu na wazee wa ukoo hakuhitaji kuelezwa mkutano wa wazee ni nini. Alijua vikao vya aina hiyo. Hata hivyo alichoombwa kufanya na ujuzi huo ni kuuweka kando na kunitajia sifa nne za Okonkwo.

Utawala wa mtihani ulikuwa umehama kutoka Cambridge. Baraza la mitihani la Afrika Mashariki lilichukua kazi hiyo, Tanzania ikajitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake mwaka 1973, na Kenya ikaunda lake mwaka 1980. Watahini sasa walikuwa Wakenya wenzetu. Sura ya swali ilibaki ileile. Sidhani kwamba palikuwa na hila. Aliyefunzwa kwa dondoo hutunga dondoo, na swali la dondoo lina faida moja ambayo hakuna baraza linaloweza kuidharau: watu mia wakilisahihisha hutoa alama zinazokaribiana.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiingereza na Fasihi viliunganishwa kuwa somo moja. Nia ilikuwa njema, lugha isaidie fasihi na fasihi ikuze lugha. Darasani ilikuwa na maana kwamba riwaya ilibanwa katikati ya nyakati za vitenzi na ufahamu, ndani ya vipindi vya dakika 40. Somo la Fasihi ambalo awali lilikuwa na mtihani wake likawa sehemu ya karatasi za Kiingereza, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Baada ya muda karatasi hizo zilitulia katika umbo linalojulikana na kila mzazi aliyemsaidia mtoto kufanya marudio. Karatasi ya pili ina dondoo kutoka kitabu teule, alama 25. Karatasi ya tatu ina insha za vitabu teule, kila moja alama 20. Hizo 20 nazo tulizikatakata: utangulizi 2, hoja nne za alama tatu tatu, hitimisho 2, lugha 4. Mwanafunzi mwenye hoja moja kubwa iliyofikiriwa hadi mwisho alishindwa na mwenye hoja nne nyepesi.

Ndani ya mfumo huo, kuna vitabu viwili vilivyonipa nafasi ya kupumua. Cha kwanza ni The River and the Source cha Margaret Ogola, daktari wa watoto, kilichotoka mwaka 1994 na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Kinafuata wanawake wa ukoo mmoja wa Kijaluo kuanzia Akoko, kizazi baada ya kizazi. Wasichana wangu wa Taita walianza kuulizana majina ya nyanya za nyanya zao, na wengi hawakuyajua. Wengine walikwenda nyumbani likizo wakarudi nayo.

Cha pili ni Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye, kilichotoka mwaka 1986. Mwandishi alizaliwa Uingereza mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mjaluo, akafanya kazi katika maduka ya vitabu Nairobi na Dar es Salaam. Riwaya inaanza mwaka 1956. Paulina, msichana mdogo aliyeolewa, anafika Nairobi kwa treni kumfuata mumewe, mimba inaharibika, na akiruhusiwa kutoka hospitali anapoteza njia ya kurudi nyumbani. Mjini ni Hali ya Hatari, na mtu asiye na makaratasi yuko mashakani. Niliwaambia wanafunzi wafunge kitabu. Kazi ya nyumbani ilikuwa moja: mtafute mzee aliyekuwa Nairobi au Mombasa miaka ile, mwulize aliishi wapi, alitembea na karatasi gani, nani alimsimamisha njiani. Kulikuja masimulizi ya kutosha kujaza kipindi pacha. Bibi wa mwanafunzi mmoja alikuwa amelala kituo cha polisi kama Paulina. Darasa lilinyamaza, kisha likabishana kuhusu Martin, mume wa Paulina: je, ni mkatili, au ni kijana aliyeshindwa na mji? Ghafla mkono ukainuka nyuma.

"Madam, hii itakuja kwa mtihani?"

"Haitakuja," nikamjibu.

Akaweka kalamu chini. Sikumlaumu. Alikuwa amesoma mtaala wa kweli kuliko ule ulioandikwa kwenye jalada la wizara.

Karibu na mtaala huo wa kweli ilikua biashara nzima. Palikuwa na miongozo, vitabu vyembamba vinavyoeleza kitabu kingine, na katika maduka mengi ya mjini mwongozo ulikwisha kabla ya riwaya yenyewe. Palikuwa na makundi ya maigizo yaliyozunguka na vitabu teule, nasi tuliwapakia watoto kwenye basi alfajiri kwenda kutazama. Watu huyasema vibaya makundi hayo, lakini mimi nayatetea. Mwanafunzi aliyekuwa akisinzia kila Jumatatu alirudi akiigiza Chifu Nanga wa A Man of the People kwa wiki nzima. Kisha serikali ilipoanza kulipia ada ya masomo ya sekondari mwaka 2008, madarasa yalijaa, na nani angesikiliza maoni ya watoto sitini kwa dakika 40? Maelezo ya ubaoni yakawa njia pekee ya kufika mwisho wa silabasi.

Na asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa somo la Kiingereza peke yake. Mwenzangu wa Kiswahili, chumba cha pili, alikuwa akifundisha Siku Njema ya Ken Walibora au Utengano ya Said Ahmed Mohamed, na ubao wake ulifanana na wangu. "Eleza muktadha wa dondoo hili" ni swali la Cambridge lililojifunza Kiswahili fasaha. Fasihi yetu ya lugha yetu, isiyohitaji kuombewa ruhusa na mtu, inasomeshwa kwa mtindo uliotungwa kumpima mtoto wa kigeni na mtahini asiyemjua.

Lakini haki nayo isemwe. Kipindi hicho kiliwafanya watoto wa Turkana, Lamu na Kisii wasome riwaya moja katika mwaka mmoja. Ukitaka kujua umri wa Mkenya bila kumwudhi, muulize kitabu chake teule. Wapo watu wa Betrayal in the City, watu wa The River and the Source, na baadaye watu wa Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, walioingia katika mjadala wa ukeketaji wakiwa na majina ya Taiyo na Resian midomoni. Kwa wengi wao hicho ndicho kitabu cha mwisho kusoma maishani. Jambo hilo lina huzuni, lakini pia linaonyesha uzito wa chaguo: kitabu kimoja, taifa zima, miaka miwili.

Sasa kuna mlango mwingine. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na Fasihi ya Kiingereza imekuwa tena somo la kuchaguliwa, lililotengwa na Kiingereza cha lazima. Muungano wa 1985 umefunguliwa. Nasikia tena walimu wakiulizana vitabu gani vitawekwa, na nawaomba wasiishie hapo, maana ndipo tulipoishia sisi.

Mwalimu, soma riwaya yote na darasa lako kabla ya kuandika neno "dhamira" ubaoni. Waulize inafanana na nani wanayemjua, kisha waache wabishane. Watume kwa wazee wao na daftari. Nanyi wa baraza la mitihani, wekeni swali moja ambalo mwongozo hauwezi kulijibu, na mlipe alama kwa hoja moja iliyofika mwisho. Swali likibadilika, walimu watabadilisha kipindi ndani ya muhula mmoja, kwa sababu siku zote tumefundisha kinachoulizwa. Kitabu kipya peke yake tumekijaribu tangu 1974, na hakikutosha.